Choo cha Fungo Nyuma ya Nyumba ya Mama

Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa sekondari habari za fungo, na katika miaka yote hiyo nilikuwa sijamwona fungo hata mkia. Sikuona tatizo. Nafundisha pia nyangumi, na kutoka hapa kwetu Kolwezi, kusini mwa Kongo, mpaka baharini ni safari ya kuuza nyumba. Namchora fungo ubaoni kwa chaki, namtia madoa, namtia milia, na wanafunzi wakicheka mchoro wangu nawapa zoezi.

Jambo la kwanza ninalolisema, na kulirudia kwa sauti, ni kwamba fungo si paka. Watu wetu humwita paka ya pori na hapo wanaona wamemaliza. Paka gani mwenye uzito wa mbwa? Paka gani anayetembea na kucha nje, vidole vitano vikachora matopeni? Fungo ana ukoo wake. Ana ngozi ya kijivu yenye madoa meusi, kiuno kimeinuka kuliko mabega, na usoni ana utepe mweusi machoni kama mtu aliyebeba makaa kisha akajipangusa jasho. Akishtuka, manyoya ya mgongoni husimama kutoka shingoni mpaka mkiani, naye huonekana mkubwa kuliko alivyo. Nawajua watu wanaofanya hivyo kwa koti.

Chakula chake ni kile ambacho wengine wamekikataa. Jongoo ana sumu, ananuka, hata kuku humpitia mbali, lakini fungo humtafuna kama sisi tunavyotafuna karanga. Anakula chura, kaa wa mtoni, panya, nyoka akibahatika, mzoga, mapera yaliyooza, na matunda ya msituni yaitwayo masuku, na mbegu zake zote. Anatembea peke yake. Watoto wake huwazaa ndani ya shimo, ila shimo hachimbi mwenyewe. Anaingia katika shimo lililochimbwa na wengine wakaliacha. Kwa mnyama mwenye tabia hiyo, Kolwezi ni mji mzuri sana.

Na ana choo. Hapo darasa zima huamka. Fungo hajisaidii ovyo kama mbuzi. Anachagua mahali pamoja na kupafuata kwa miezi, mpaka panakuwa na lundo lenye mbegu, nyasi na pingili za majongoo. Chini ya mkia ana tezi yenye mafuta mazito, na mafuta hayo huyapaka kwenye miti, nguzo na kona za kuta anapopita, ili fungo mwingine ajue njia ina mwenyewe. Watu wa zamani waliyatia katika manukato ya matajiri. Waliyapunguza kwanza, lakini. Ukijipaka yalivyo utakaa benchi peke yako kanisani.

Hayo yote nilikuwa nayajua na hayakunisaidia.

Mama yangu ni mjane. Anaishi peke yake katika nyumba ambayo baba, aliyekuwa mfanyakazi wa mgodi, alimwachia, mtaa ulio ng'ambo ya barabara ukitoka Kasulo. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi mgodini, baba akazaliwa hapa, mimi nikazaliwa hapa, na bado wapo watu wanaotuuliza tutarudi kwetu lini. Nyumba ni ya matofali, ina bati, ina mpera na mparachichi uani, na nyuma kabisa ya lupango, yaani kiwanja chetu, kuna ua wa miti uliovunjika ambao kila mwaka nasema nitautengeneza.

Habari za Kasulo kila mtu anazijua. Watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, na kuna namna ya kuifanya kazi hiyo. Unaanzia chumba cha kulala, kwa sababu huko mgeni haingii. Unavunja saruji, unatundika turubai dirishani, unashuka. Unampokea shemeji yako sebuleni, unampa soda, na chini ya miguu yake kuna watu wanagonga mwamba. Jirani mmoja wa mama naye alijaribu upande wetu. Alipata udongo mwekundu, kisha mvua zikaja, na sasa bati la nyumba yake liko usawa wa kiuno changu. Mwenyewe na familia yake walishahama. Mama akipita pale hufunga kitenge vizuri na kuongeza mwendo.

Kwenye kijumba cha uani mama amempangisha mchimbaji mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, aliyechoka na mashimo ya Tenke akaja kujaribu ya kwetu. Ni mpole, anasali, hana kelele. Lakini jicho la mchimbaji lina ugonjwa wake: likiona kitu cheusi kinachong'aa, linasema kobalti. Mvua zilipokwisha, asubuhi moja, mpangaji huyu alikwenda nyuma ya lupango kutafuta kijiti cha kupigia mswaki, akaliona chini ya mparachichi lundo la vipande vyeusi, vigumu, vyenye vitu vinavyong'aa ndani. Mvua ya miezi ilikuwa imevifua na jua limevikausha. Havikuwa na harufu yoyote.

Mtu mwingine angevipitia. Yeye alitia kipande mfukoni na kwenda nacho depo, mahali wanaponunua madini, kabla hata ya kunawa uso. Kule wana mashine yenye umbo la bastola. Wanaielekeza kwenye jiwe, wanabonyeza, nayo inasema ndani mna nini. Ikasema mna kobalti. Kidogo, lakini mna.

Sasa, kwetu jambo la ardhi haliambiwi mjane. Linaambiwa kaka wa marehemu. Mpangaji akarudi, akamsalimia mama, mama akampa chai, akainywa yote, akashukuru, kisha akapanda pikipiki mpaka mtaa wa Manika kumwambia baba yangu mkubwa kwamba chini ya kitanda cha yule mama kuna mali.

Baba mkubwa ni kaka wa baba aliyebaki. Anauza simenti, ni mzee wa kanisa, na ana koti moja jeusi ambalo akilifunga vifungo vyote ujue kuna tangazo. Alikuja Jumapili baada ya ibada. Nami nilikuwepo; mama alikuwa ameandaa bukari wa mahindi, sombe la majani ya muhogo na samaki. Aliketi, akaomba juu ya chakula, akasema amina, akatoa leso mfukoni na kuiweka mezani kati ya bukari na samaki.

"Mamu," akamwambia mama, kwa sauti ya habari njema, "Mungu anakumbukaka bajane."

"Anabakumbuka na nini?" mama akauliza.

Akafungua leso. Ndani mlikuwa na kile kipande.

"Kobalti," akasema. "Mashine ilisema. Iko nyuma ya nyumba, na kama iko nyuma, basi iko chini. Tutaanzia mu chumba yako ya kulala. Weye utakuya kukaa kwangu ku Manika, kuko chumba nyuma ya magazini ya simenti. Utakaa muzuri."

"Hapana," mama akasema.

Baba mkubwa akangoja kidogo, kama mtu anavyongoja pikipiki ipite ndipo aendelee na mazungumzo. Ilipopita akaendelea. Alisema nani atachimba, nani atabeba, udongo utatolewa saa ngapi.

Mimi nilikuwa nimeinama juu ya leso. Kwenye kile kipande kulikuwa na kitu cha mviringo, cheusi, chembamba, kama pete ya mtoto. Kando yake pete nyingine. Kando yake mbegu ya masuku, na kaunyoya. Macho yalinitoka. Miaka yote ya kuchora ubaoni, na kumbe siku ya kukutana nacho ningekikuta karibu na samaki.

"Baba mukubwa," nikasema, "hii ni mavi."

Mama akalivuta bakuli la sombe upande wake.

"Mavi ya nani?" Baba mkubwa akauliza, kama anayetaka kujua ukoo.

"Ya fungo."

"Ah. Paka ya pori."

"Haina paka, Baba mukubwa. Si paka."

"Nshimba, basi. Ku Kasai bakubwa banavalaka ngozi yake."

"Haina nshimba. Nshimba ni mwembamba, anapandaka miti. Huyu anatembea chini. Ana choo yake moja, anarudia pale pale. Hizi pete ni majongoo alikula."

"Mwana yangu," akasema, na hapo akafunga kifungo cha koti, "minakuuliza juu ya kobalti, unanijibu majina ya banyama. Mashine haidanganyaka. Mavi inaweza kuwa na kobalti?"

"Huku kwetu hata sombe iko na kobalti!"

"Basi tuchimbe sombe?"

Akacheka peke yake. Nikaanza kueleza: vumbi, maji, matope, jinsi kila kitu mjini hapa kilivyopakwa. Nilikuwa nimesimama, nanyoosha kidole kana kwamba kuna ubao. Katikati ya maelezo mama alisema, "Mi nilishasema hapana." Baba mkubwa akasema, "Tulisikia, mamu," nami nikasema, "Ngoja mama, namalizia," na tukaendelea.

Tulikubaliana kitu kimoja tu: Jumatatu baada ya shule twende depo tukapime tena, mbele ya macho yetu.

Mpimaji alikuwa amekaa chini ya turubai anakula kikwanga cha muhogo. Alipima kipande cha mavi bila kuuliza ni nini, kwa hiyo sikumwambia. Ndiyo, kobalti, kidogo. Alipima udongo niliouchota juu juu pale chini ya mparachichi: kidogo kuliko kile kidogo cha kwanza. Wachimbaji waliokuwa kwenye foleni na magunia yao wakasogea kutazama. Hasira zilinipanda, na mimi hasira zikinipanda nakuwa mwalimu kuliko kawaida.

"Pima kiatu ya Baba mukubwa," nikasema.

"Kiatu?"

"Kiatu."

Baba mkubwa, kwa heshima ya mzee wa kanisa, akainua mguu. Mpimaji akaelekeza mashine kwenye soli. Akatazama kioo, akaitikisa mashine, akapima tena.

"Eh! Tata," akamwambia Baba mkubwa kwa heshima, "kiatu yako inapita ile kitu ingine."

Foleni nzima ikacheka. Nikaona nimeshinda. Nikamgeukia Baba mkubwa: "Unaona? Tuchimbe kiatu?"

Hakutikisika. Aliteremsha mguu polepole, akaupangusa. "Na hii kiatu," akasema, "Jumapili nilikanyaga nayo wapi? Mu lupango ya ndugu yangu."

Na wale wachimbaji, waliokuwa wananichekea upande wangu sasa hivi, wakaanza kuitikia kwa vichwa. Kweli. Tata anasema kweli. Mpimaji, kwa udadisi wake, akapima pia chaki iliyokuwa katika mkoba wangu. Haikuwa na kitu. Hilo nililitarajia.

Nilirudi kwa mama nimenuna. Nilimkuta chumbani. Alikuwa ameburuta kabati peke yake mpaka katikati ya sakafu, pale ambapo mtu angeanza kupiga sururu, na yeye ameketi kitandani anatweta, mikono magotini.

"Mama, mugongo!"

"Mugongo ni yangu," akasema. "Humu nilikuzaa weye. Humu baba yako alikufia, nikamufunga macho na hii mukono. Sitaenda kulala na simenti ya mutu."

Iliniuma. Nilikaa karibu naye, nikamshika mkono, nikamwambia, "Usiogope, mama. Nitabaonyesha ule nyama anatoka wapi. Bataelewa tu."

Akautoa mkono wake. "Siogope," akasema. "Minakataa."

Nikasema ndiyo, ndiyo, na tayari kichwani nilikuwa nimeshapanga safari ya Jumamosi: tutaanzia kwenye ua uliovunjika.

Mpangaji nilimlazimisha aje. Nilimwambia yeye ndiye aliyeanzisha mambo, basi miguu yake ni mali ya umma. Tulitoka kumekucha, ukungu wa mwanzo wa kiangazi umelala mitaani, na watu wanakokota mikokoteni ya mitungi ya maji. Fungo hufuata njia yake ile ile, kwa hiyo kazi haikuwa ngumu. Kwenye ua, pale palipovunjika, kulikuwa na nywele za kijivu. Kwenye nguzo ya chuma ya jirani aliyehama kulikuwa na doa la mafuta. Nililinusa. Nilimwambia mpangaji anuse.

"Ekelekele!" akaruka nyuma. "Hii ni nini?"

"Hii njo banatiaka mu parfe, mu manukato ya batajiri."

Akanusa tena, kwa adabu zaidi, akasema matajiri wana shida zao.

Tukafuata mfereji, tukavuka reli. Ng'ambo ya reli kuna mahali wachimbaji wanaposafisha mawe yao, maji meusi yametuama, matope meusi kila upande. Na pale matopeni nyayo zilijaa kama darasa zima limepita: vidole vitano, kucha nje. Zimeingia majini, zimetoka, zimezunguka. Palikuwa na makombo ya kaa na mguu wa chura.

"Unaona?" nikamwambia. "Anakula hapa. Anameza haya matope pamoja na chura. Halafu anatembea na tumbo yake mpaka kwa mama."

Mpangaji alichuchumaa, akachota tope, akalisugua kidoleni, akalitazama kwa lile jicho lake. Alijua ni nini. Alikuwa anafanya kazi hapo hapo.

Tulipoinua vichwa, tulimwona. Alikuwa upande wa pili wa maji, karibu sana, anarudi kutoka kazini kama sisi wengine. Kichwa chini, kiuno juu, anatembea bila haraka, utepe wake mweusi machoni. Alisimama. Manyoya ya mgongo yakainuka, yote kwa mara moja, na kwa kitambo kidogo alikuwa mnyama mkubwa. Kisha akashuka, akaingia katika shimo la zamani kati ya mashimo mengi ya zamani, akapotea. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Nilikuwa nimejiziba mdomo kwa mikono miwili kama binti anayechumbiwa.

"Ni hii tu?" mpangaji akauliza.

"Ni huyu."

"Na anaishi peke yake?"

"Peke yake."

"Na ile shimo, haina yeye alichimba?"

"Hachimbi. Anaingia mu shimo yenye bengine balichimba."

Mpangaji alitazama viganja vyake. "Iko na akili," akasema mwishowe, na sauti yake haikuwa na furaha. Mbele kidogo, msitu unapoanza, tulikuta miti ya masuku, na chini yake mbegu kama zile za kwenye leso. Mtaani kwa mama hakuna msuku hata mmoja. Nilizichukua mbegu mkononi nikarudi nazo mjini natembea kama mtu aliyepata cheo.

Jioni ile Baba mkubwa aliitwa. Nilieleza kila kitu: tezi, njia, chura, matope, masuku. Nilieleza vizuri, nadhani. Alinisikiliza huku anatazama kitu ukutani. Kisha akamgeukia mpangaji. "Weye ulimuona?" Mpangaji akasema, "Nilimuona, Tata. Anakula kule ku maji." Basi. Baba mkubwa akapumua, akasema sasa ameelewa. Maneno yangu yote ya chuo kikuu yalikuwa yanasubiri ndevu ziyathibitishe. Nilikasirika, ila nilikuwa na haraka ya kushinda, nikameza.

"Lakini," akasema Baba mkubwa, "tusikuye kusumbuka kesho na kesho kutwa. Tupige shimo moja tu, pale pale kwenye mavi. Haina mu chumba. Kama chini hakuna kitu, nitasema mbele ya bote nyumba haichimbwe."

"Nimekubali," nikasema papo hapo.

Nilikubali kwa sababu nilijua chini hakuna kitu. Lilikuwa jaribio safi kabisa, la kuandika kwenye kitabu. Mama alikuwa jikoni. Alitusikia, kwa sababu jiko la mama liko hatua chache tu kutoka mezani, na sauti ya kusugua sufuria ilikoma, kisha ikaanza tena.

Siku ya kuchimba, mtaa mzima ulikuwa umepanda na kuegemea ukuta wa kando ya lupango. Baba mkubwa alikaa juu ya kiti cha plastiki, koti limefungwa, mwavuli kwa ajili ya jua. Mpangaji alivua shati. Kabla ya kupiga sururu ya kwanza alilisogeza lile lundo kwa koleo, na nikampigia kelele asilitawanye, aliweke pembeni kwa utaratibu, mnyama atarudi alitafute. Watu wakacheka. Mlango wa nyuma wa nyumba ulikuwa wazi, na ndani niliweza kumwona mama anachambua maharagwe kwenye lungo. Hakutoka.

Udongo mwekundu. Udongo mwekundu zaidi. Watu walileta viti. Mpangaji alizama kiunoni, kifuani, kisha tukawa tunaona koleo tu. Ukaja udongo wa njano unaonata, ukaja wa mfinyanzi, kisha maji yakaanza kutoka pembeni kidogo kidogo na shimo likawa linanuka unyevu. Baba mkubwa akatuma vifuko vya udongo depo kwa pikipiki. Tukangoja. Watoto wa jirani waliuza karanga.

Simu yake ililia. Alisikiliza, akasema "ndiyo", akasema "ndiyo" tena, akaiweka mfukoni.

"Hakuna," akasema. "Hata ya kiatu haifike."

Kisha akasimama, na nasema kweli, alisimama vizuri. Akatangaza mbele ya ukuta mzima kwamba nyumba ya ndugu yake haichimbwi, na mtu yeyote atakayegusa sakafu yake atamkuta yeye. Watu wakapiga makofi. Nami, kwa kuwa ukuta ulikuwa umejaa watu, nikachukua nafasi. Niliwaeleza fungo kuanzia pua mpaka tezi. Niliwaambia mnyama huyu mnayemtupia mawe ndiye aliyetupa jibu, kwamba maarifa ndiyo yaliyoiokoa nyumba hii. Nilisema "maarifa" kama mara mbili hivi. Nilikuwa na furaha kweli kweli. Nilikuwa najipenda.

"Mama!" nikaita. "Kuya usikie!"

Mama akatoka na lungo lake kiunoni. Akatazama shimo. Akamtazama mpangaji aliyejaa matope, akamwambia pole na kazi. Akamtazama Baba mkubwa, kisha mimi.

"Nyumba inabakia, mama," nikamwambia. "Tulishinda!"

"Tulishinda nani?"

Nikanyoosha kidole shimoni.

"Mi nilisema hapana mbele ya bukari," mama akasema. Hakupandisha sauti, mama hapandishi sauti. "Nilisema tena mu chumba. Hakuna mwenye alikamata ile hapana, akaifunga mu leso, akapanda nayo pikipiki, akaipeleka ku mashine. Mavi mulipeleka. Mavi mulitembea nayo Kolwezi yote, mukaiuliza kama mi nitabakia mu nyumba yangu. Leo mavi imesema ndiyo, na munapiga makofi."

Baba mkubwa alikuwa anatazama kiatu chake. Watu wa ukutani walianza kuteremka, mmoja mmoja, kila mtu amekumbuka kazi.

"Lakini mama," nikasema, "mi nilikuwa upande yako."

"Weye?" Akanitazama kwa upole, na huo upole ndio ulioniua. "Weye ulikuwa upande ya fungo."

Akageuka, akaingia ndani, tukasikia komeo. Mimi, Baba mkubwa na mpangaji tukabaki uani na shimo letu.